Meko Yasiyowashwa

"Haondoki," Sajini alisema kabla Inspekta hajafunga mlango wa gari. "Nimembembeleza, nimemtisha, nimemweleza sheria inasemaje. Ananitazama kama nzi aliyetua kwenye chai."

"Nani huyo?"

"Mama Cherehani, mwenye nyumba. Ameketi kwenye stuli katikati ya sebule, na ile mifupa iko hapo miguuni pake. Anasema yeye atatoka ikishatoka."

Inspekta alivaa glavu zake taratibu huku akiitazama nyumba. Ilikuwa ya zamani, ya tofali za kuchoma, yenye dohani tatu na madirisha marefu ya mbao, aina ya nyumba zilizojengwa katika mji ule wa baridi enzi ambazo watu walikuwa bado wanaota moto vyumbani. Barazani palikuwa na rundo la mbao za sakafu zilizong'olewa, magunia ya saruji, na mkebe wa vanishi ambao haujafunguliwa. Nje ya lango majirani walikwisha kusanyika, wamejitanda mashuka, kila mmoja akijifanya ana safari iliyompitisha pale.

Kituoni walimwita Mwiba. Jina alipewa na Mkuu wa kituo, siku alipokataa kufunga jalada moja ambalo Mkuu alishalifunga moyoni. Mkuu alilitamka kwa kuudhika, wenzake wakalichukua kwa mapenzi, na mwenyewe hakuona sababu ya kulipinga.

"Kuna la ziada?" aliuliza.

"Lipo, afande, na mji mzima unalijua. Mume wa huyu mama alimkimbia zamani, miaka thelathini na ushei. Seremala, kijana mtanashati. Wanasema alibebwa na mwanamke mmoja wa hotelini." Sajini alishusha sauti. "Sasa jumlisha mwenyewe. Mke aliyeachwa, mume asiyeonekana tena, mifupa chini ya meko ya mke. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza."

"Basi tuifanye tena sisi watu wazima. Fundi yuko wapi?"

Fundi alikuwa barazani, ameketi juu ya gunia la saruji, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa makamo, mikono mikubwa, na hakujua pa kuiweka.

"Uliagizwa kazi gani hapa?" Inspekta alimuuliza.

"Sakafu yote, mama. Kung'oa mbao zilizooza, kuweka mpya, kupiga msasa na vanishi. Na meko yote, ya chumba cha kulia, ya chumbani na ya sebuleni. Kuzibua dohani, kupanga tofali upya."

"Ya sebuleni umeyavunja lini?"

"Leo asubuhi. Kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya ya namna gani?"

"Niliambiwa nisiyaguse. Sasa nilipokuwa natoa mbao za pembeni, mtaimbo ukateleza, zege likapasuka. Nikaona kiatu."

"Nani alikwambia usiyaguse?"

Fundi alitazama langoni, halafu akatazama vidole vyake vya miguu. "Mama mwenyewe."

Sajini akakohoa kile kikohozi cha mtu aliyeshinda kamari. Inspekta alivuka kizingiti akaingia ndani.

Sebule ilikuwa imebaki mifupa mitupu nayo. Sehemu kubwa ya sakafu ilishang'olewa, na ilibidi mtu apite juu ya maboriti kama anayevuka mto kwa mawe. Karibu na meko tu ndipo mbao za zamani zilipokuwa zimebaki. Hapo ndipo Mama Cherehani alipoketi, mgongo umenyooka, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Mbele yake Daktari wa polisi, mzee mwembamba, alikuwa amepiga magoti juu ya turubai, akipangusa udongo kwa brashi ndogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Mama Cherehani alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Mimi ndiye mkubwa wa kazi hii."

"Una mkubwa mwingine juu yako?"

"Yupo."

"Akikwambia uache, utaacha?"

Inspekta alifikiri kidogo. "Bado hajaniambia."

"Basi akikwambia tutaongea," alisema Mama Cherehani, na akageuza uso wake kwenye meko.

Sajini alimnong'oneza Inspekta kwamba huo ndio usumbufu wenyewe, na kwamba angeweza kumbeba yule mama yeye na stuli yake. Inspekta alimwashiria asimame pembeni, akachuchumaa kando ya Daktari.

"Mwanaume," Daktari alisema bila kuinua kichwa. "Mtu mzima lakini si mzee. Amekunjwa, magoti yamefika kifuani, ili aenee. Fuvu limepasuka huku nyuma, kisogoni. Kitu kizito, chembamba. Ametulia hapa miaka mingi. Viatu vya kamba, soli ya mpira."

"Kuna cha kumtambulisha?"

Daktari alifungua mdomo, akamtupia jicho Mama Cherehani, akaufunga. Kwa ncha ya brashi alionyesha mfupa wa ugoko wa mguu wa kushoto. Ulikuwa umewahi kuvunjika na kuungana kombo, kama tawi lililokua likikwepa ukuta. Inspekta akatikisa kichwa kwamba ameona.

Halafu akaanza kuyatazama meko yenyewe, maana mifupa isingekwenda popote. Mtu alikuwa ameng'oa tofali za chini za zamani, akachimba, akazika, kisha akamwaga zege ndani ya meko na mbele yake. Kuta za ndani alizipaka plasta ili ionekane ni matengenezo. Chini ya zege, udongo ulikuwa umechanganyika na majivu ya kale, meusi na laini. Juu ya zege hapakuwa na kitu. Inspekta aliingiza kichwa ndani ya meko, akapitisha kidole kwenye plasta, akakitazama kidole kwa muda mrefu.

Kilichofuata kumvuta kilikuwa mbao. Aliyelaza sakafu ile alikuwa anajua kazi. Kuizunguka sehemu ya meko alikuwa ametengeneza ukingo wa mbao nyekundu nyembamba, pembe zake zimekatwa mshazari na kukutanishwa bila kuacha upenyo wa kupitisha hata kucha. Na zege, zege zito, la mkono wa haraka, lilikuwa limeumwagikia ukingo ule na kuufunika nusu nzima. Aliyelimwaga hata hakuhangaika kulifuta.

Na jambo la mwisho lilikuwa kule kuvunjwa kwake. Inspekta aliinuka, akavuka maboriti akarudi barazani.

"Fundi, mtaimbo ukiteleza unaacha nini?"

"Unaacha... ufa, mama."

"Zege lile limekatwa kwa tindo, mstari mmoja mmoja, pembe hadi pembe. Hata vipande umevipanga ukutani. Hiyo si bahati mbaya. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeambiwa avunje kwa uangalifu asije akaharibu kilicho chini. Naomba tuanze upya, na safari hii usiangalie langoni."

Fundi alivuta pumzi ndefu, ikatoka na vumbi. "Aliyenikataza ni Diwani. Kaka yake Mama. Yaani mdogo wake, lakini ndiye kaka. Alikuja wiki iliyopita akaniambia meko ya sebuleni yapakwe rangi tu, yasiguswe. Nikaitika. Leo asubuhi Mama akaniambia nianze na hayo hayo. Nikamwambia Diwani amekataza. Akaniambia, 'Nyumba ni yangu, nyundo ni yako, Diwani analeta nini hapa?' Akakaa kwenye stuli ananitazama. Nikavunja."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kazi zote za ujenzi mjini hapa zinapitia mkononi mwa Diwani. Nina watoto, mama." Alisita. "Na nilimpigia simu. Nilipoona kiatu. Nilimpigia yeye kabla Mama hajawapigia ninyi."

Sajini hakukohoa tena.

Simu ya Inspekta ikaita hapo hapo. Alikuwa Mkuu, na sauti yake ilikuwa na ule utamu anaoutumia anapotaka jambo lipite haraka.

"Mwiba, nasikia mnahangaika na mifupa ya kale. Diwani amenieleza. Pale palikuwa na makaburi kabla ya nyumba. Familia inataka kuizika kwa heshima leo leo, anakuja na gari. Mkabidhi, andika mistari miwili, rudini."

Inspekta alirudi sebuleni akizungumza, akasimama mahali ambapo Mama Cherehani angemsikia vizuri.

"Mkuu, mifupa ya kale haivai viatu vya kamba."

"Usinifanyie ujeuri."

"Kuna fuvu lililopasuliwa kwa nyuma na zege lililomwagwa juu yake. Haya ni mauaji. Simkabidhi mtu."

"Hiyo ni amri."

"Basi njoo uitoe hapa, Mkuu, mbele ya Daktari, na majirani wako langoni wengi tu, watatusaidia kushuhudia. Kwa simu mtandao unasumbua."

Akakata. Simu ikaita tena, akaizima sauti na kuitia mfukoni. Daktari, ambaye alikuwa amekaribia kustaafu na hakuogopa tena mtu, alitabasamu peke yake akiwa ameinamia shimo.

Mama Cherehani akavuta mguu mmoja, akaweka nafasi. "Kaa hapa kwenye mbao. Uliza."

Inspekta akaketi. "Mumeo alikuwa na alama gani mwilini?"

"Huogopi kwamba nitakutajia nilichokiona shimoni?"

"Hapo ulipo unaona mgongo wa Daktari tu. Nimepima."

Yule mama alikubali kwa kichwa, kama fundi anayeridhika na mshono wa mwenzake. "Mguu wa kushoto. Alianguka kutoka kwenye lori la mbao akiwa kijana, kabla hajanijua. Mfupa wa ugoko ukaunga vibaya. Kwenye baridi ulikuwa unamuuma, nilikuwa namkanda kwa maji ya moto. Suruali zake zote nilizishona mwenyewe, mguu mmoja nikiukata tofauti ili asionekane anachechemea. Alikuwa anajipenda."

Brashi ya Daktari ilisimama. Kusimama kule kulitosha. Mama Cherehani aliona, akaendelea kukaa vile vile wima.

"Sakafu hii nani aliilaza?" Inspekta aliuliza.

"Yeye. Ndivyo tulivyojuana. Baba alimleta atengeneze sakafu, akaichelewesha makusudi." Kicheko kidogo kilimtoka na kukatika. "Baada ya baba kufa tukabaki humu, mimi na yeye, mama, na ndugu yangu. Ndugu yangu alitaka mama aiuze nyumba. Mume wangu akasema nyumba haiuzwi mama mkwe akiwa hai. Walikuwa wanazozana kila wiki."

"Siku alipopotea ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kumuuguza shangazi. Niliporudi mume hayupo, na hapa pana zege. Ndugu yangu akaniambia amemwona kwa macho yake kituo cha basi na mwanamke. Mama akasema dohani imepasuka, ni marufuku kuwasha moto sebuleni. Tukawa tunaota jikoni. Nilijiuliza, mume wangu aliyeikagua nyumba hii pembe kwa pembe, mbona hakuwahi kutaja dohani? Lakini nilikuwa mke aliyeachwa. Mke aliyeachwa akiuliza swali, watu wanamwonea huruma badala ya kumjibu."

"Na sasa kipi kimebadilika?"

"Mama amefariki mwaka huu. Siku zake za mwisho mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Nikamwambia, mama, nitatengeneza nyumba, nitalaza sakafu upya, nitawasha meko yote. Akanishika mkono. Akaniambia, 'Pale sebuleni usimwashie moto, mwanangu.'" Alimtazama Inspekta machoni. "Hakusema usiwashe. Alisema *usimwashie*. Nilikaa na neno hilo kitandani pake mpaka alipokata roho. Usimwashie nani?"

Inspekta alilitazama shimo.

"Nilikuja kituoni kwenu. Mkubwa wako akaniambia maneno ya mgonjwa si ushahidi, niende nyumbani nikapumzike. Nikaona basi, polisi hawataki kuchimba, nitaita fundi." Akaipapasa stuli. "Na sikuinuka hapa kwa sababu moja. Nikiinuka, ndugu yangu atapita na gari lake, na jioni mtaambiwa hapakuwa na kitu. Alishamwondoa mume wangu mara moja. Hamwondoi tena."

Nje mlio wa gari ukasikika, milango ikagongwa. Sajini alichungulia dirishani. "Pikapu, afande. Diwani na vijana wake wana machepe na jeneza."

"Vijana wabaki langoni. Yeye mwache aingie. Na wewe, nenda chumba cha kulia, pangusa ndani ya meko kwa leso yako nyeupe. Halafu uje upanguse haya kwa upande wa pili."

"Leso yangu?"

"Nitakununulia nyingine."

Diwani aliingia akiwa amevaa koti zuri la sufu, mwili mpana, uso uliokwisha kuandaliwa kwa huzuni. Alikanyaga boriti la kwanza bila kuangalia, mguu ukateleza, akashika ukuta.

"Dada, pole kwa usumbufu huu. Binti, asante, tutaendelea sisi. Nimeongea na Mkuu wako."

"Inspekta," alisema Mwiba. "Mimi pia nimeongea naye. Maswali machache tu, Diwani, kwa vile wewe ndiye mwanamume mkubwa wa familia na unayakumbuka ya zamani. Umekulia humu?"

"Nimezaliwa humu."

"Baridi ya hapa ni kali. Mlikuwa mnaotea wapi?"

"Hapa hapa." Akaonyesha meko kwa ishara pana, akitazama kila kitu isipokuwa shimo. "Mama anakaa pale, sisi tumemzunguka, hadithi mpaka usingizi."

"Hata baada ya shemeji yako kuondoka?"

"Miaka yote. Mpaka mama alipozeeka."

Mama Cherehani akatikisika, Inspekta akamwekea kiganja gotini.

"Na zege hili nani alilimwaga?"

"Yeye mwenyewe, Seremala. Tofali zilikuwa zimelegea, akazitengeneza. Ilikuwa kazi yake ya mwisho. Kesho yake nikamwona kituo cha basi."

"Kwa hiyo zege likamwagwa, yeye akaondoka, na ninyi mkaota moto juu yake miaka na miaka."

"Ndivyo."

Sajini alikuwa amerudi. Aliikunjua leso yake bila kuambiwa. Upande mmoja ulikuwa mweusi wa masizi, mweusi wa kuchafua mikono. Akainama, akaupitisha upande wa pili ndani ya meko ya sebuleni, juu, chini, pembeni, akaunyanyua. Ulikuwa na vumbi la kijivu la saruji, basi.

"Chumba cha kulia," alisema Sajini kwa sauti ya mtu anayejifunza jambo huku akilitamka. "Na hapa."

"Plasta hii haijawahi kuona moto hata siku moja," Inspekta alisema. "Nyumba ya baridi kama hii, meko makubwa kuliko yote, na hakuna aliyewasha hata kijiti tangu zege lilipomwagwa. Dada yako anasema mlihamia jikoni. Masizi yanamuunga mkono yeye."

"Ni mambo ya zamani. Nimechanganya."

"Inawezekana. Sasa tazama mbao hizi." Aliinama akagusa ukingo mwekundu. "Shemeji yako alikata pembe hizi mshazari. Nadhani alikesha nazo. Halafu mtu yule yule akachukua ndoo ya zege akaimwagia kazi yake mwenyewe, asiifute? Wewe ungekuwa seremala, ungefanya hivyo?"

Diwani alifungua kifungo cha koti. Baridi ilikuwa ile ile, lakini yeye paji la uso lilianza kung'aa.

"Labda ni mama," alisema hatimaye. "Mama alikuwa na siri zake. Mungu amrehemu, tusimfukue na yeye."

Mama Cherehani akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kama kitambaa kikichanwa. "Viungo vya mikono ya mama vilishakakamaa kabla baba hajafa. Vifungo vya gauni lake nilikuwa namfunga mimi. Mama aliyeshindwa kuinua birika ndiye aliyechimba, akamkunja mwanamume, akabeba zege? Hata kumsingizia maiti hujui."

"Dada, nyamaza."

"Nimenyamaza umri mzima. Mama alikujua akakuficha, na mimi nitamsamehe kwa wakati wangu. Wewe ulinifanya nitembee mji huu kama mke aliyekimbiwa. Watu wakawa wananionea huruma sokoni. Ulikaa kwenye meza yangu ukala chakula changu, mume wangu yuko chini ya miguu yako." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Na hukuthubutu hata kumkabili. Ulimvizia kama mwizi."

"Sikumvizia."

"Ulimvizia kwa nyuma."

"Sikumvizia mtu mimi," Diwani alisema, shingo imemvimba. "Tulikuwa tumesimama tunatazamana, mimi hapa, yeye pale. Akaniambia mimi si mwanamume wa kuuza nyumba ya baba yangu. Aligeuka mwenyewe."

Brashi ya Daktari ilidondoka kwenye turubai. Diwani alibaki mkono ukiwa hewani, ukionyesha mahali ambapo shemeji yake alisimama mara ya mwisho, na taratibu akaanza kuutazama mkono ule kama si wake.

"Aligeuka," Inspekta alirudia. "Ukampiga na nini?"

"Sisemi zaidi. Nitaongea na wakili. Kabla ya jioni nitakuwa nyumbani kwangu, na wewe utakuwa unaongoza magari barabarani."

"Huenda. Lakini maneno hayo yamesikiwa na watu wanne, na mimi siyasahau. Sajini."

Sajini alimtia Diwani pingu, akamshika kiwiko, akamwonyesha boriti la kukanyaga. Mlangoni Diwani aligeuka.

"Dada, utamtoa ndugu yako wa tumbo moja kwa ajili ya mifupa?"

"Ina jina, hiyo mifupa," Mama Cherehani alisema. "Ulikuwa unaiita shemeji."

Alipotoka, minong'ono langoni ilipanda, ikakatika ghafla watu walipoona pingu. Simu mfukoni mwa Inspekta ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika. Aliiacha itetemeke. Alijua kesho ingekuwa siku mbaya kituoni, na kwamba Mkuu angekuwa na mengi ya kusema kuhusu nidhamu. Aliyaweka yote kando kama mtu anayeweka mwavuli mlangoni. Alimsaidia Daktari kukunjua shuka safi. Waliinua mfupa mmoja mmoja, na Mama Cherehani akafuata kila mmoja kwa macho mpaka wa mwisho ulipofunikwa.

Hapo ndipo alipoinuka. Inspekta akamnyooshea mkono, akaukataa kwa adabu. Alivuka maboriti bila kuangalia chini, akateremka ngazi za baraza, akaenda moja kwa moja mpaka langoni. Majirani wakarudi nyuma hatua. Wengine walianza kuangalia pembeni, kama walivyozoea kumwangalia.

"Mnanijua," alisema. "Mnajua na hadithi yangu, mmeisimulia vizuri kuliko mimi. Sasa sikieni iliyobaki. Mume wangu hakwenda na mtu. Alikuwa nyumbani kwake. Mimi sikuachwa. Mimi ni mjane, nimefiwa zamani, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia pole. Nimekuja kuichukua."

Inspekta, barazani, aliona midomo ikifunguka na kufungwa. Halafu mwanamke mmoja mzee wa nyumba ya jirani, ambaye bila shaka alikuwa amesimulia hadithi ile kuwapita wote, alivua shuka lake begani, akasogea, akamfunika nalo Mama Cherehani.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Pole sana kwa msiba."

"Nimeipokea," alisema Mama Cherehani. Akawatazama wengine, mmoja baada ya mwingine, akingoja.